Punje ya Pili

Kitabu nilikikuta kijijini kwetu Ihanda, ndani ya sanduku la bati la marehemu mama, chini ya vitenge alivyokuwa akivitunzia harusi ambazo hakuna aliyemwalika. Jalada lilishaliwa na mende. Nikiwa darasa la pili nilikipenda kuliko nilivyopenda watu, na sioni aibu kusema hivyo. Watu wa wakati ule kazi yao ilikuwa kunituma maji.

Hadithi yenyewe fupi. Mtoto wa kike ameketi kizingitini, mlango nyuma yake umefungwa, mama yake amekwenda kisimani. Ukurasa wa mwisho unasema: Akaendelea kusubiri. Basi. Zamani nilimwona ana bahati, hatumwi popote. Safari hii namsomea binti yangu Kemirembe, mwenye miaka saba na pengo jipya la jino la mbele, nikajikuta machozi yananilenga. Mwandishi gani anamwacha mtoto wa watu mlangoni namna ile?

"Mama, hapa pana doa," Kemirembe akasema.

Kweli, kifuani mwa yule mtoto palikuwa na doa la kahawia, na kishimo cha kitu kidogo kilichobanwa humo miaka mingi. Nikakumbuka.

Wazee wetu wakitaka kuwa ndugu walifanya omukago. Tunda la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja hujichanja karibu na kitovu, huipaka punje yake damu, na mwenzake huimeza. Kuanzia hapo nyumba yako ni yake, mwanao ni mwanawe, na akiomba kitu humnyimi. Babu alinisimulia, nami kwa akili za kitoto nikachukua wembe wa baba, nikachanjiana na yule mtoto wa pichani. Punje moja nilimeza. Ya pili, yenye damu yangu, nilimwekea yeye kitabuni.

Sasa punje haikuwepo.

Nilimfuata mama mkubwa Anatolia, dada yake mama, aliyekuwa uani akigeuza kahawa jamvini. Nilimsimulia nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Ulimpa damu yako. Yeye alikupa nini?"

"Ataitoa wapi damu, mama mkubwa? Ni picha."

"Basi amekufunga wewe, yeye hajafungwa. Akija kuomba, angalia unavyomjibu."

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nikajiambia haya ni mambo ya kizamani, nikaenda kumenya ndizi.

Kesho yake mchana nikaita, "Kemirembe, chakula!" Sauti mbili zikaitika kutoka kwenye migomba. Aliyetokea ni Kemirembe peke yake.

"Ulikuwa na nani huko?"

"Ndugu yako. Anaomba akae na wewe, mama yake amechelewa."

Niliogopa kukubali, na kukataa niliogopa zaidi. Nikapakua sahani ya pili, nikaiweka upande wa mlangoni. "Mwambie karibu," nikasema, "ila akishiba arudi kwao." Nilijiona mjanja sana. Siku tatu mfululizo sahani ile haikuguswa. Chakula chake tu kilikuwa kinapoa kabla sijaitua chini.

Jana niliita, ikaitika sauti moja. Kemirembe akaingia, akanawa, akapita mahali pake pa kila siku na kuketi kwenye sahani ya mlangoni. Akala yote. Kisha akanitabasamia, na meno yalikuwa kamili.

Nilikikimbilia kitabu. Kizingitini ameketi mtoto, mlango umefungwa nyuma yake, mdomo wazi kama anayeita, na mbele ana pengo.

Mama mkubwa anasema huyu aliyekuja nisithubutu kumfukuza, kwa kuwa aliomba na mimi nikasema karibu. Sawa, simfukuzi. Lakini tangu jana nimekaa sakafuni na kitabu mapajani, nasoma kwa sauti, sauti yenyewe imekauka. Nikifika mwisho nafumba macho, sisomi kilichoandikwa. Nasema mama yuko njiani, ndoo imejaa, anakuja mbio. Nafungua macho, maandishi ni yale yale.

Yule mwingine amekuja kukaa karibu yangu. Ameshika pindo la kanga yangu, anasikiliza kwa makini.

"Soma tena, mama," ananiambia.