Wimbo wa Kupalilia Kanisani

Mwalimu Severini alipopanda milima ya Mgeta kuja kwetu, kinanda kilimtangulia. Wapagazi walikibeba kutoka Morogoro mjini kikiwa kimefungwa kwa mikeka na magunia, wakakitua kwenye kila kona kali ya njia, hata wanawake waliokuwa mashambani wakadhani ni jeneza la Mzungu. Mama yangu aliacha jembe, akafanya ishara ya msalaba. Nyuma ya mzigo alikuja kijana mwembamba, kanzu imechafuka tope mpaka magotini, akiwasihi wapagazi, "Polepole, ndugu zangu. Ndani mna vitu vyembamba kama nywele."

Enzi hizo Wajerumani ndio waliotawala, na gari moshi lilikuwa limeshafika Morogoro. Mimi, Kristina, nilikuwa msichana wa shule ya misheni. Severini alilelewa na mapadri wa bondeni, na bruda mmoja mzee ndiye aliyemfundisha kinanda, mpaka mikono ya yule mzee ilipoanza kutetemeka. Sasa alikuwa ametumwa kwetu, apige kinanda kanisani na kutufundisha kuimba.

Mpaka leo nikiamka asubuhi yenye ukungu huzikumbuka asubuhi zile. Tulifika kanisani nywele zimelowa umande, tunanuka moshi wa jikoni, naye alikuwa ameshaweka chungu cha makaa karibu na kinanda, kwa sababu unyevu wa milimani ulizivimbisha mbao na baadhi ya sauti zikagoma. Alitupanga wasichana kushoto na vijana kulia. Alianza na pumzi. "Pumzi ni kama maji ya mtungi," alikuwa akisema. "Panda nayo kilima, usiyamwage." Aliyeimba vibaya hakumchapa, ingawa walimu wengine walichapa. Alimwomba tu arudie, akafumba macho kumsikiliza, na hayo macho yaliyofumbwa yalituogopesha kuliko fimbo.

Siku moja alipita shambani kwetu, mama na wenzake wakipalilia njegere. Walikuwa wakiimba wimbo wa kazi. Mmoja huanzisha, akatunga maneno yanayomjia, na wengine humwitikia, jembe na sauti vikishuka pamoja. Severini aliketi ukingoni mwa shamba. Wanawake walimcheka, wakatunga ubeti juu ya mwalimu asiyejua kushika jembe. Alicheka nao, na akakaa mpaka wakamaliza tuta la mwisho.

Wiki chache baadaye tuliimba sauti ile ile kanisani, maneno yakiwa ya kumsifu Bikira Maria. Padri mkuu alimwita baada ya misa. Tulisimama mlangoni tukisikiliza.

"Mwalimu, huu si wimbo wa shamba?"

"Ni wa shamba, Padri."

Padri alizungusha kofia yake mikononi. "Ni mzuri," alisema mwishowe. "Lakini uwe wa sikukuu ya Mapalizwa ya Bikira Maria tu. Si kila Jumapili."

Ikawa hivyo. Kila Agosti tuliuimba, na akina mama waliokaa nyuma walilia bila kuona aibu.

Mimi nilitaka kujifunza kinanda chenyewe. Kwetu Waluguru jambo kama hilo huamuliwa na mjomba, kwa hiyo Severini alikwenda nyumbani kwa mjomba wangu Andrea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unataka kumketisha mpwa wangu kwenye sanduku lako."

"Ana sikio zuri, mzee. Nami naweza kuugua siku moja. Nani atapiga?"

Mjomba alifikiri mpaka ugoro wake ukaisha mkononi. "Basi ajifunze," alisema. "Ila asiache kulima."

Nikajifunza, miguu ikikanyaga kuvuta upepo, vidole vikitafuta njia. Miaka ile ilikuwa mizuri, nasi hatukujua kuwa itakwisha.

Vita ilipokuja, mwanzoni ilikuwa habari ya mbali. Kisha mwaka mmoja wa kiangazi kikali tukaanza kusikia mizinga upande wa bondeni, na askari wa Wajerumani wakawa wanapanda milima na mizigo yao, wakikamata kila mwanamume mwenye mabega ya kuibeba. Waliochukuliwa hatukupata habari zao tena.

Siku ya Mapalizwa kanisa lilijaa. Misa ilipokaribia kwisha, niliona kivuli mlangoni. Alikuwa ombasha mmoja, mkubwa wa kikosi kidogo cha askari, aliyeitwa Abasi, tuliyemfahamu kwa kupita kwake vijijini, na askari wenzake walikuwa nyuma yake na kamba. Hawakuingia. Walirudi nje wakangoja watu watoke.

Padri alitoa baraka. Severini akaanza wimbo wa kupalilia.

Niliketi karibu naye. Miguu yake ikiendelea kukanyaga, aliniinamia akasema, "Kristina, besi chukueni ninyi." Kisha akamtazama Alois, kiongozi wa vijana, akamwonyesha kwa kidevu mlango wa sakristia. Huko nyuma kulikuwa na njia ya kijitoni, na ng'ambo yake msitu.

Vijana waliondoka mmoja mmoja. Kwa kila aliyetoka, msichana mmoja aliishusha sauti yake chini kadiri alivyoweza, mpaka koo zikauma. Beti tulizozijua zikaisha. Hapo mama yangu, kutoka nyuma ya kanisa, akaanzisha ubeti mpya, kama walivyofanya shambani. Asia, jirani yetu, akaleta mwingine. Tukaitikia, na kinanda kikatufuata. Padri alirudi kwenye kiti chake akaketi na mavazi yake ya misa, mikono magotini, hakutazama popote.

Wimbo ule ulidumu mpaka jua likahama dirisha. Hatimaye Abasi alivua kofia akaingia. Aliona upande wa kulia umebaki mabenchi matupu.

Severini alimalizia ubeti, akafunga kifuniko.

"Wanaume wako wapi?" Abasi aliuliza.

"Wametoka."

"Na wewe ulibaki kufanya nini?"

"Nilikuwa napiga kinanda."

Abasi alimtazama. Sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu. "Basi njoo," alisema. "Mzigo hauwezi kubaki njiani."

Severini aliniambia nikumbuke makaa wakati wa mvua, akatoka nao. Siku chache baadaye Wajerumani walipita wakaenda kusini, na Waingereza wakaingia Morogoro.

Nilipiga kinanda kila Jumapili, na kila mlango ulipofunguka niligeuka.

Alirudi vita ilipokuwa imekwisha, amekonda, sikio moja limekufa kwa sababu ya mizinga. Aliyoyaona kusini hakuyasema. Alois na wenzake walimjengea nyumba kando ya kanisa, wakamlimia shamba kila msimu bila kuambiwa. Hakutaka kupiga tena kwenye misa. Aliniachia mimi, naye akaketi pembeni, kiganja chake kimelala kwenye mbao za kinanda, akisikiliza kwa mkono.

Watoto aliendelea kuwafundisha mpaka uzeeni. Walipokosea aliwaomba warudie, taratibu, akiwageuzia lile sikio lililobaki.