Asubuhi Palipitika

Madereva walimwita Bi Barabara, maana hapakuwa na shimo wala tope asilolijua. Kazi yake ilikuwa ofisini, kwenye kampuni ya magari ya wageni, mbele ya simu mbili. Kila asubuhi aliwapigia watu waliokaa kandokando ya njia: muuza mafuta, muuguzi wa zahanati, mwenye duka pale kwenye daraja la chini. Kisha akawaambia madereva: hapa pita, pale kuna utelezi, nenda kama uliyebeba mayai.

Siku ile mvua ilianza kupiga milimani saa tatu. Saa sita simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao, dereva wa kampuni hiyohiyo. Kazi hiyo dada ndiye aliyemwombea.

"Dada, darajani vipi? Nina mzee na mkewe, ndege yao saa kumi."

"Asubuhi palipitika. Ngoja nimuulize mwenye duka."

"Kama palipitika, panapitika. Acha uoga!" Akakata simu.

Bi Barabara akampigia mwenye duka, simu haikupokelewa. Alipotaka kumpigia tena mdogo wake, simu ya pili ikalia: dereva mwingine amenasa kwenye tope, anapiga kelele. Akamsikiliza huyo kwanza. Mwenye duka alipopatikana, hakungoja salamu.

"Gari yenu imo majini, dada."

Kijana aliwatoa wageni wake kupitia dirishani, mmoja mmoja, wakavutwa kwa kamba hadi ukingoni. Zamu yake ilipofika, gari lilibingirika. Walimpata siku ya pili, kwenye matete.

Msibani watu walisema siku zake zilikuwa zimefika. Mama mtu hakuridhika. "Ina maana hakuna hata mmoja aliyemwonya mwanangu?"

Habari za simu ile hakuna aliyezijua. Bi Barabara angeweza kunyamaza, na siri ingekufa naye. Siku ya tatu, walipobaki wawili chumbani, alipiga moyo konde.

"Mama, alinipigia. Nilimwambia asubuhi palipitika."

"Ulimdanganya?"

"Hapana. Lakini sikumwambia asubiri. Na nilipaswa kumpigia tena, nikapokea simu ya mtu mwingine."

Mama alimtazama. "Leo siwezi kukaa na wewe," akasema polepole. "Toka."

Akatoka. Kesho yake akarudi, akafagia, akafua, akaosha vyombo. Mama ameelekea ukutani, hasemi. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Ofisini walimtuma mtu kumuuliza atarudi lini, akasema hajui, na kweli hakujua. Kila simu ilipolia kwa jirani, aliinuka kama anayetaka kuipokea.

Siku ya tisa alikuwa amechutama uani, anasugua masizi ya sufuria. Kivuli kikamwangukia. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, amejifunga kanga kiunoni.

"Hilo sufuria halijatakata," akasema.

"Naam, Mama."

Akalisugua upya, machozi yakidondokea ndani, na mama akavuta kigoda akakaa.