Gitaa la Pili

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na tangu alfajiri Mzee Opiyo alikuwa ameketi barazani, amevaa koti lake la kijivu, kofia magotini, gitaa likiwa limeegemezwa ukutani kando yake kama mgeni mwingine anayesubiri safari. Alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe na kujikata kidogo chini ya sikio. Hakutazama saa. Alitazama upande wa ziwa, ambalo siku nyingine lilionekana vizuri kutoka nyumba yao ya Milimani, lakini leo lilikuwa limemezwa na ukungu hata isijulikane maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Perez, bintiye wa pekee, alimchungulia kupitia pazia la sebule. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu amtoe hospitalini, baada ya nimonia iliyombakisha mifupa na macho. Yeye mwenyewe alikuwa mfamasia. Alizijua dawa zote zilizomrudisha baba yake, na alijua pia kwamba hazingeweza kufanya kazi hiyo mara ya pili. Tamasha alilokuwa akilisubiri mzee lilikuwa uwanjani, kando ya ziwa, chini ya mawingu yale yale. Ni nani mwenye akili timamu, alijiuliza, angesimama matopeni kusikiliza muziki ambao angeweza kuusikia redioni, miguu yake ikiwa mikavu?

Lakini baba yake hakuwa anakwenda kusikiliza. Waandalizi walikuwa wamewaalika wapigaji wa zamani wa muziki wa benga, na saa nane mchana Opiyo alitarajiwa kupanda jukwaani pamoja na Mathenge, aliyepiga naye bendi moja kwa miaka kumi na tisa. Opiyo alipiga gitaa la kwanza, lile linaloimba. Mathenge alipiga la pili, lile linalolitandikia njia. Hawakuwa wameonana tangu Januari ya mwaka 2008, Mathenge alipoondoka Kisumu bila kuaga. Opiyo hakuwahi kumlaumu mbele ya watu. Ila mara moja moja, akiwa na binti yake tu, alisema, "Angeniaga tu," kisha akageukia habari nyingine.

Perez alikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kwamba Mathenge alikuja kuaga.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati huo. Mji ulikuwa ukiwaka kwa sababu ya uchaguzi, na duka la Mathenge la kutengeneza redio lilikuwa limeteketezwa asubuhi hiyo, kosa lake likiwa ni kwamba mwenyewe alitoka Nyeri. Kundi la watu lilikuwa limepita mtaani likionya kwamba nyumba itakayomficha mtu wa huko nayo itachomwa. Adhuhuri lango liligongwa. Kupitia mwanya chini ya bati la lango Perez aliviona viatu vya Mathenge, kimoja hakina kamba. Aliulizwa kama baba yupo. Akajibu kwamba hayupo. Viatu vikasimama pale kwa muda, kisha vikaondoka. Siku zile za kwanza alijiambia kuwa ameiokoa nyumba. Miaka ilipozidi kwenda, alijiambia kuwa wakati wa kusema umepita, na dhambi ile ikakaa ndani yake kimya, kama risasi ambayo madaktari wameamua kutoitoa.

Saa nne Winny, mmoja wa waandalizi wa tamasha, alimpigia simu. Alisema jukwaa lina paa, watu wameanza kufika, na Mzee Mathenge yuko pale tangu asubuhi akimuulizia mwenzake. Perez alimshukuru. Kisha akaizima simu ya baba yake, iliyokuwa ikichajiwa jikoni, na akatoka barazani.

"Baba, wameahirisha," alisema. "Mvua imezidi."

Opiyo aligeuka taratibu. "Na Mathenge?"

"Ameambiwa asisafiri."

Maneno yalimtoka kwa wepesi uliomtisha. Mzee aliinama, akaanza kufungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akihangaika na kila kimoja, na Perez hakuthubutu kumsaidia. Chakula cha mchana alikigusa tu. Perez alimkumbusha dawa zake, akazimeza mara moja, na utiifu ule ulimuuma zaidi kuliko ambavyo ubishi ungemuuma.

Saa nane na nusu mvua ilipungua na upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Perez alikuwa akiosha vyombo sauti ilipofika. Kwanza ilikuja ngoma, halafu kelele za watu, halafu gitaa moja, peke yake, lenye mshindo mzito usio na haraka. Alitoka mbio akiwa na povu mikononi, akikusudia kumwingiza baba yake ndani na kufunga milango.

Opiyo alikuwa amesimama ameshika nguzo ya baraza, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Gitaa lilizunguka, likazunguka tena, kisha likarudi nyuma na kuacha pengo, kana kwamba mtu amesogeza kiti kumkaribisha mwingine. Hakuna aliyeingia. Gitaa likaanza upya.

"Huyo ni Mathenge," alisema bila hasira yoyote. "Ananiachia nafasi yangu."

Perez alisubiri aulizwe. Alitamani aulizwe, hata akaripiwe. Lakini mzee hakumtazama. Aliendelea kusikiliza tu, na kila pengo lilipofika, vidole vya mkono wake wa kushoto vilibonyeza nguzo, kimoja baada ya kingine, vikitafuta nyuzi.

"Vaa koti, Baba," Perez alisema. "Twende."

Perez aliendesha gari, baba yake akiwa kando amelishika gitaa. Uwanjani magari yalikuwa yamezama hadi nusu ya magurudumu, na Perez, aliyetarajia kukuta watu wachache wanaotetemeka, alikuta umati. Wengine walikuwa wamefunika vichwa kwa viti vya plastiki vilivyopinduliwa na walicheza hivyo hivyo, miguu ya viti ikielekea juu. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshika viatu mkononi, sketi imelowa tope hadi kiunoni, akicheka na mtu asiyemjua. Ilikuwa baridi, ilikuwa tope tupu, na hakuna aliyeonekana kutaka kwenda nyumbani.

Lakini jukwaani sasa kulikuwa na kundi jingine. Winny alikuja na mwavuli, akamvuta Perez pembeni. Mzee Mathenge, alieleza, aliupiga wimbo ule mara tatu peke yake, kila mara akiomba aongezewe dakika chache. Aliposhuka alisema neno moja tu: "Basi nimeelewa." Sasa alikuwa kwenye hema la wauza chai, akingoja mtu wa kumpeleka kituo cha basi.

Perez alimwomba baba yake abaki garini, penye joto, akasema anakwenda kutafuta njia isiyo na tope.

Alimtambua Mathenge kwa mabega. Alikuwa amezeeka, shati limemganda mgongoni, kikombe kikifuka mvuke mikononi mwake. Perez alisimama mbele yake.

"Mzee Mathenge, baba yangu alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemdanganya kwamba hakuna tamasha." Akavuta pumzi. "Na siku ile, langoni, ilikuwa mimi."

"Najua ilikuwa wewe. Sauti yako niliijua." Mathenge alipuliza chai yake. "Nilijua pia kwamba yupo. Nilisikia gitaa likipigwa ndani."

Miaka yote hii Perez alikuwa amehesabu uongo wake kuwa mlango uliofungwa tu. Hakuwahi kufikiria kile kilichosikika kupita juu ya mlango huo.

"Hakunituma," alisema. "Alikuwa akijituliza tu kwa gitaa. Hakujua kuwa ulikuja. Hadi leo hajui."

Mzee alikiweka kikombe mezani, akakiinua bila kunywa, akakiweka tena.

"Nimesafiri kuja kumwambia kwamba nimemsamehe," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimejiandaa. Kumbe sikuwa na cha kumsamehe." Akautazama umati uliokuwa ukirukaruka matopeni. "Yuko wapi?"

"Garini."

Perez aligeuka ili amwongoze, lakini Mathenge hakuinuka.

"Nenda wewe kwanza," alisema. "Nisiwe mimi wa kumwambia. Nitaagiza chai nyingine."

Mvua ilikuwa imeanza upya, kubwa, na Perez aliivuka bila kukimbia. Opiyo alimfungulia mlango kutoka ndani. Alikuwa amelipakata gitaa.

"Umepata njia?" aliuliza.

Perez aliketi, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kiti. Muziki ulikuwa mkubwa na waipa zilikuwa zikikwaruza kioo. Ilimbidi apaze sauti.

"Baba," alianza, "Mathenge alikuja kukuaga."

Mzee akanyoosha mkono, akazizima waipa, ili asikie vizuri.