Sakafu Isiyo na Unyoya

Mitsue alifurahi alipoona sakafu ya banda haina hata unyoya mmoja. Ndiyo, alifurahi, na furaha hiyo ilikuja kumchoma baadaye kuliko kitu kingine chochote. Alisimama mlangoni na reki yake, akayatazama makapi ya mpunga yaliyotandazwa, safi kabisa, akasema moyoni kwamba kuku wake sasa wamekuwa wastaarabu. Hakujua kwamba kila unyoya uliodondoka ulikuwa unaliwa kabla hajaingia.

Wala hakuwa mgeni wa kuku. Ujana wake wote uliishia kwenye shamba kubwa la mayai kule bondeni, kuku wamebanwa ndani ya vizimba vya waya vilivyopandana hadi darini, na kazi yake ilikuwa kupita kila asubuhi akivuta waliokufa. Alipostaafu alimwambia mumewe, Yoshinobu, jambo moja tu: kuku wake yeye hawataujua waya. Wakajenga banda la mbao kilimani kwao, mkoani Iwate, juu ya mashamba yao ya mpunga, kuku wakaachiwa sakafuni wachakure, waoge vumbi, wagombane kidogo kama majirani. Mitsue alizoea kukaa humo juu ya ndoo aliyoipindua, anakunywa chai yake, anawasikiliza tu. Hakuwahi kuwa na raha kama hiyo maishani.

Chakula alichanganya Yoshinobu: chenga za mchele wao, pumba, soya kidogo, na unga wa samaki kutoka pwani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku Bibi Kuwabara alipopanda kilima na boksi la keki mikononi. Alikuwa mteja wao tangu mwanzo, na kila asubuhi alipasua yai bichi juu ya wali wa moto, kama watu wote wa huko, kwa hiyo yai likiwa na kasoro lazima mdomo wake uijue.

"Samahani sana, kosa ni la pua yangu, imezeeka," alisema huku ameinama. "Ila siku hizi, kwa mbali kabisa, naona kama kuna kaharufu ka samaki. Msinijali, jamani."

Angekuja na matusi, Yoshinobu angemjibu. Lakini alikuja na keki. Mzee wa watu aliinama mpaka kofia ikamdondoka, na uso ulikuwa bado umemwiva kwa aibu alipoyabeba magunia ya unga wa samaki na kuyafungia stoo. Mahali pa samaki akajaza mchele.

"Baba, watatosheka kweli?" Mitsue alimuuliza. Waliitana baba na mama hadi leo, ingawa binti yao alishaolewa mbali.

"Mchele wetu huu, mama. Umetulea sisi, utashindwa kuwalea kuku?"

Mitsue akacheka. Viini vya mayai vikapauka kwa ule mchele, karibu vyeupe, harufu ikaisha, wateja wakasifia, na Bibi Kuwabara akaleta keki nyingine, safari hii ya shukrani.

Kisha theluji ikawahi kuanguka, milango ikafungwa, majani ya nje yakazikwa. Kuku wakawa hawatulii. Walidonoa kuta, walidonoa kamba za viatu vya Mitsue, walimfuata kila alipokwenda kana kwamba kuna kitu aliwaahidi akasahau. Migongo ikaanza kuonyesha ngozi. Asubuhi moja akamkuta mmoja ameegemea ukuta, amechimbwa nyuma pale yai linapotokea, na wenzake wanaendelea kumla bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililomtisha Mitsue, kwamba hapakuwa na ugomvi. Walikuwa wanakula tu.

Akamwita Inada, jirani yao, aliyewahi kufuga kuku wengi kabla mgongo haujamshinda. Inada alichota chakula kiganjani, akakinusa, akamtazama Yoshinobu.

"Samaki yuko wapi humu?"

"Nilimtoa."

"Ulimtoa! Ukawalisha wali mtupu kama wagonjwa? Kuku wa mayai huyu, bwana. Kila siku anatoa nguvu za mwili wake anazitia ndani ya ganda. Usipomrudishia, ataitafuta nyama mwenyewe, na iliyo karibu ni ya mwenzake."

"Nitarudisha leo hii," Yoshinobu alisema kwa sauti ndogo.

"Rudisha. Ila Nobu, wakishaonja damu, sijui kama kushiba kutawasahaulisha."

Unga wa samaki ukarudi, tena kwa wingi. Mitsue alining'iniza kabichi wazidonoe, akatia chumvi kidogo kwenye maji, akatandaza nyasi kavu, akaziba madirisha kwa magunia ili mwanga upungue. Waliojeruhiwa aliwapaka dawa chungu. Aliyeonekana kuwa kinara alimtoa akamfungia peke yake, na kabla ya jioni kinara mwingine alishapatikana. Walikula samaki wakashiba, wakapangusa midomo yao kwenye makapi, wakarudi kwenye migongo ya wenzao. Kila asubuhi Mitsue aliingia na ndoo ya kutolea mizoga, kazi ileile aliyodhani ameiacha bondeni.

"Nipige hata kofi, mama," Yoshinobu alimwambia mezani. Chakula chake kilikuwa kimepoa.

"Nikikupiga watapona?"

Hakuwa na hasira naye. Alitamani angekuwa nayo, angalau angepata cha kufanya.

Mwishowe Inada alirudi, akavua kofia, akasema huku anaangalia chini, kwa kuwa aliijua historia ya Mitsue: "Banda langu la zamani bado lina vizimba. Kila kuku na chumba chake. Hawatafikiana."

"Na wataishi?" Yoshinobu aliuliza.

"Wataishi."

Wote wawili wakamgeukia Mitsue. Alitafuta njia nyingine, akaitafuta kwa moyo wake wote, asiipate.

"Lete gari," akasema.

Aliwaingiza vizimbani mwenyewe kwa mikono yake, hakutaka mwanamume yeyote awaguse. Wa mwisho alikuwa mtetea aliyenyonyolewa mgongo wote. Njia nzima alikuwa amejisukuma ndani ya koti la Mitsue, ametulia humo, moyo unampiga kwa kasi. Kilibaki kizimba kimoja wazi.

"Mama," Yoshinobu alimwita taratibu.

"Najua."

Alifungua koti. Kuku aliishikilia sweta yake, ikabidi Mitsue azitoe kucha moja moja. Akamweka ndani, akakaza komeo. Kuku alijikung'uta, akainamisha kichwa, akaanza kuchakura ule waya kwa miguu yote miwili, akitafuta kilichokuwa chini yake. Mitsue akasimama pale akingoja aache, na kuku hakuacha.