Bega la Kushoto la Anyitike

Kwa miaka kumi na mmoja Kisa alimjua baba mkwe wake kwa sauti na kwa ncha za viatu. Mzee Aliko akikohoa uani, Kisa alitoka kwa mlango wa jikoni. Mzee akiondoka, alirudi. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo mke alivyomheshimu baba wa mumewe kwa Wanyakyusa wa kizazi cha mzee, bila kuonana uso wala kusemezana, na kanisa la Ikolo, lililokemea mambo mengi, hilo halikuligusa.

Asubuhi hiyo mzee alikohoa uani, na Kisa hakutoka.

Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, anafunga breki za kiti cha magurudumu. Mumewe, Anyitike, alikaa ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni, ingawa hakuwa ameihisi sakafu tangu alipoanguka kutoka kwenye mchikichi miaka miwili iliyopita.

"Tata amefika," Anyitike alisema kwa sauti ya chini; ndivyo alivyomwita baba yake.

"Nimesikia."

"Basi toka."

"Nikitoka, nani atalilinda bega?"

Mzee alikuja kila Jumatano, na mara mbili mwaka huu, Kisa alipotoka, alishirikiana na mpwa wake Amon kumnyanyua Anyitike kwa kumshika chini ya kwapa. Mara ya kwanza maumivu yalidumu wiki nzima. Mara ya pili bega la kushoto lilichomoka. Dorothea, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilirudisha na kusema bila kupamba: kwa mtu wa namna hii mabega ndiyo miguu, yakiharibika, hatajisukuma wala kujigeuza kitandani. Anyitike alimweleza baba yake yote hayo. Mzee alijibu kwamba mwanamke hawezi mzigo wa mwanamume. Leo alikuja na gari la kukodi, amhamishie mwanawe nyumbani kwake Njisi, waliko wanaume wa kumbeba.

Amon aliingia kwanza. Mzee alifuata, akaona upindo wa gauni, akageukia ukuta papo hapo.

"Mwambieni atoke," aliuambia ukuta.

"Hatoki, Tata," Anyitike alisema.

Amon alikwishainama, mikono ikielekea kwapani.

"Amon, toa mikono hapo," Kisa alisema.

"Shemeji, mimi kila siku nabeba magunia ya mpunga."

"Gunia halina bega."

Anyitike alicheka. "Na halilalamiki, Amon. Mimi nitapiga kelele mpaka Malawi wasikie."

Kisa alisimama. "Baba," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu aolewe. "Wewe ndiye uliyelitoa bega lake. Hukukusudia, lakini ni wewe. Mimi nilikuwa jikoni, nimenyamaza kwa heshima. Sinyamazi tena."

Mzee aliusogelea ukuta zaidi.

Kisa akafanya kazi yake. Kiti kilikuwa sambamba na kitanda, kimo kimoja, egemeo lake la mkono la upande wa kitanda limeondolewa. Alipitisha ubao uliopigwa msasa chini ya paja la mumewe, ncha ya pili ikakaa juu ya kiti. Kiunoni mwa mumewe alikwishafunga kanga iliyokunjwa mara nne. Aliishika kanga hiyo kwa mikono yote miwili, akakunja magoti, akayakinga ya mumewe kwa yake, mgongo wima.

"Inama mbele. Tayari? Sogea."

Anyitike alijisukuma kwa mkono wa kulia. Shubiri moja. "Sogea." Nyingine. Katika ya tatu alikuwa kitini, na hakuna aliyekuwa amemnyanyua.

"Mmemaliza?" mzee aliuliza.

"Amekaa."

"Na ukiwa shambani?"

"Hujiinua kidogo kila nusu saa asipate vidonda, mpaka nirudi."

"Ukiugua?"

Kisa aliliwazia swali hilo. Lilikuwa swali zuri. "Nikiugua, hakuna mtu."

"Unaona!"

"Naona. Ndiyo maana nataka ujifunze."

"Amon ajifunze."

"Amon anakaa Katumba Songwe. Wewe ndiye unayekuja kila Jumatano."

"Mimi nishike kanga yako?" Sauti ya mzee ilipanda. "Tusimame hapo, uso kwa uso, mimi na wewe?"

"Kanga iko kiunoni mwa mwanao."

Amon alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mchukue Njisi ukitaka," Kisa alisema. "Akikubali mwenyewe. Lakini hatoki humu akiwa ameshikwa kwapani, na kwenye kiti cha gari pia atahama kwa njia hii. Tutaanza kwa kumrudisha kitandani. Njoo."

Mzee alipiga hatua ya ubavu, kisha nyingine, macho bado ukutani, mikono ameitanguliza kama mtu anayetafuta mlango gizani. Vidole vyake viligusa kanga, vikaifumbata.

"Hapo ni sahihi," Kisa alisema. "Sasa magoti yako yakinge yake. Huyaoni, Baba. Ukiendelea hivyo utamwangusha."

Mzee alibaki ameishika kanga.

"Tata," Anyitike alisema, "mimi nimeshainama."

Mzee akageuza uso kutoka ukutani, akawatazama.