Miguu Mitatu ya Mzee Dadi

Bagamoyo nzima hakuna mkono uliotulia kuliko wangu. Natengeneza simu karibu na soko la samaki, nachomea nyaya nyembamba kuliko kope za mtoto mchanga, na sijaunguza hata moja. Basi Mzee Dadi wa Vigwaza aliponiuliza kama naweza kulenga kwa bunduki, nikamjibu, "Baba, kwa mkono huu, hata mbu namchagulia bawa la kupiga."

Nadhira akakohoa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimepeleka posa kwake, na Mzee Dadi, baba yake, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Mzee alikuwa na kibali cha kuwinda pongo mmoja, lakini jicho lake la kulengea lilikuwa limetoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Alitaka mtu wa kumpigia. Nami nilijua fika kwamba jibu la posa yangu liko porini, si pale barazani.

Tulitoka asubuhi. Mzee alibeba bunduki begani, na kwapani fito tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukizitanua zinasimama kama kigoda kisicho na pa kukalia, na juu zinaacha panda ya kulaza mtutu.

"Hizo za nini, baba?"

"Miguu mitatu. Ya kuegemeza bunduki."

"Aa, za wenye baridi yabisi." Neno lilishatoka ndipo nikakumbuka kwamba naongea na mkwe. "Samahani, baba."

Hakukasirika. "Ukichomea waya, kiwiko unakiweka wapi?"

"Mezani."

"Haya," akasema, tukaendelea na njia.

Pongo alitokea ukingoni mwa mashamba ya mpunga, akasimama ubavu, kama aliyekuja kupigwa picha. Mzee akaanza kutanua fito zake. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba asijisumbue, nikainua bunduki. Jamani, bunduki ni nzito! Ncha ya mtutu ikawa inazunguka kama nzi juu ya sahani ya ubwabwa: mara pembeni, mara mkiani, mara mbinguni. Nikafinya ilipopita katikati. Kichuguu kikafuka vumbi, pongo akaingia kichakani.

"Kichuguu hicho," Mzee akauliza taratibu, "kilikukosea nini?"

Tukajificha kumsubiri arudi, tena kwa muda mrefu, na mimi kukaa kimya ni adhabu. Moyoni nilikuwa nishaanza kumuaga Nadhira. Kisha mnyama akarudi, mbali kidogo kuliko mara ya kwanza. Safari hii sikubisha. Fito zilikatwa kwa kimo cha Mzee, naye ni mnazi, mimi mche wa mchicha. Akanikalisha kwa goti moja na kuzitanua hadi panda ikashuka usawa wa bega langu.

"Usiulaze mtutu kwenye mti mtupu, utaruka. Tia kiganja katikati," akaninong'oneza. "Sasa vuta pumzi. Itoe na bismillahi. Pumzi ikiisha, finya."

Mara ya kwanza bismillahi niliisahau kabisa. Hata ningempata, tungemla kwa mashaka. Sasa niliisoma polepole, na mtutu ukatulia kama uliopigiliwa msumari. Nikafinya. Pongo akaanguka palepale. Mzee akatimua mbio na kisu mkononi, na jicho lake lilelile bovu, akamwahi na kumchinja angali na uhai. Mimi nilibaki nyuma kidogo kukusanya vitu.

Jioni wajomba wa Nadhira wakaja kula. Nyama ilikuwa laini, mchuzi wa nazi umekolea. Mzee Dadi akaniambia, "Haya, Abuu, waeleze wajomba zako ulivyompata."

Ulimi wangu nao haujui kuegemea popote. "Nilisimama wima," nikaanza. "Mkono mtupu. Risasi moja tu."

Mzee akainamia kikombe chake cha chai. Lakini pale mkekani alikuwepo mama yake, Bibi Mwajabu, aliyeshinda siku hiyo juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, akifukuza ndege wasile mpunga wake.

"Mume wangu," akaniita, maana tangu nilete posa hilo ndilo jina langu kwake. "Kule juu mimi naona mpaka barabarani. Risasi ya kwanza ilinishtua. Ya pili nikakutazama vizuri. Ulipiga goti kama mtu anayemrejea mtalaka wake."

Wajomba wakaangua kicheko.

"Bibi, yule labda—"

"Ngoja. Dadi alipokimbia na kisu, wewe na zile fito mkabaki wawili tu. Waambie ulizifanya nini."

Nikatafuta mfupa wa kuguguna.

"Alizibusu!" Bibi akawaambia. "Akazikumbatia, akazikatia kiuno, kofia ikaanguka. Nadhira, mjukuu wangu, ujue unakwenda uke wenza."

Nyuma ya pazia sinia likaanguka, kikafuata kicheko ninachokijua. Mzee Dadi akaweka kikombe chini, mabega yakimtikisika.

"Mama, basi. Ijumaa wazee wake waje. Nitawajibu ndiyo."

"Waje, nani kawakataza?" Bibi akasogeza masahani, akasafisha nafasi katikati ya mkeka. "Ila sasa inuka, mume wangu. Wajomba hawajakiona kile kiuno."