Babu Anatakiwa Afisini

Jumatatu ya kwanza ya Julai 1996, saa nne na robo asubuhi, Mejumaa alikuwa amekaa uani kwao mtaani Kibokoni akichambua mchele, Trizah akaingia bila hodi. Trizah alikuwa mwenzake wa chuo kikuu, binti wa mtu wa reli, na barua zao wote wawili zilikuja kwa sanduku la posta la babake. Chuo kilikuwa kimefungwa tangu Mei kwa ajili ya mgomo, na wanafunzi walitawanywa makwao.

"Mejumaa wee! Tumepita! Sote wawili!"

Barua ilisema kwamba hao wawili wameingizwa katika shahada ya hisabati ya daraja la heshima kwa kazi zao za utafiti, na kwamba wamechaguliwa kwenda kusoma mwaka mmoja Uswidi, gharama zote juu ya wenyeji. Kilichotakiwa ni nambari za pasipoti zao, zifike kwa faksi kabla ya Ijumaa jioni. Asiyeleta, nafasi yake apewe mwingine. Mejumaa aliruka, ungo ukapinduka, na mchele ule ulipikwa siku hiyo pamoja na vijiwe vyake.

Alikuwa na haki ya kuruka. Kazi yake ya heshima ilikuwa hesabu za maji kujaa na kupwa katika bandari, na aliianza akiwa na miaka sita, kwa vidole, mapajani pa babu yake. Mzee Chonga alikuwa kuli wa bandarini. Hakujua kusoma, lakini bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, aliijua kabla haijafika. Alifariki mwaka wa 1981.

Saa sita wasichana walikuwa kwenye foleni ya afisi ya pasipoti, ghorofa ya pili. Nyuma ya kaunta aliketi Bi Awiti, mwanamke nadhifu aliyepigia mstari kila neno kwa rula. Trizah alitoa kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, akaambiwa arudi Alhamisi. Mejumaa, ndani ya buibui lake, alitoa kitambulisho, cheti chake na cheti cha babake, ambaye wakati huo alikuwa melini.

"Cha babu kiko wapi?" Bi Awiti aliuliza.

"Babu hakuwa na cheti, bibi. Zama zile havikuwako."

"Basi aje mwenyewe."

"Ameshafariki."

"Nimesikia. Aje kesho saa mbili, na awahi, foleni ni ndefu."

"Mbona mwenzangu hakuulizwa babu?"

Bi Awiti alielekeza rula ukutani, kwenye karatasi yenye orodha ya majina na mitaa. Jina la ukoo wa Mejumaa lilikuwa la kumi na moja. "Mwenzako hayumo," alisema, bila ubaya wowote. "Orodha sikuiandika mimi."

Baada ya alasiri mamake Mejumaa, Bi Mwanakombo, alikwenda makaburini akamwarifu mkwewe kwamba anatakiwa afisini. Alimweleza sababu, akang'oa majani mawili matatu juu ya kaburi, akarudi nyumbani.

Mzee Chonga alibisha mlango baada ya sala ya alfajiri. Bi Mwanakombo alimwamkia, akampa kanzu ya mwanawe iliyopigwa pasi, kwa kuwa afisini hawamhudumii mtu aliyevaa sanda. Chai aliinusa tu, akasema iliki imezidi. Mzee alimwita mjukuu wake vile vile alivyomwita zamani, kama babu wote wa pwani wanavyowatania wajukuu wao.

"Mke wangu, nimesikia wanikimbia, wenda Ulaya?"

"Nikipata pasipoti, babu."

"Basi twende, mbona umekaa? Tutapata nambari mbaya!"

Furaha yake ilimshinda hata Mejumaa. Walipopita Ngome ya Yesu alikuwa mbele kwa hatua kumi, na wauza vinyago walilazimika kumpisha. Walipata nambari kumi na nne. Kwenye foleni mtu mmoja aliyefiwa na mamake alimuuliza habari za mama huyo, naye akajibu kuwa hajambo na anamsalimu.

"Ndiwe Chonga?" Bi Awiti aliuliza zamu yao ilipofika.

"Ndimi."

"Thibitisha."

Mejumaa alitoa cheti cha kifo cha babu, chenye mhuri wa serikali. Bi Awiti alikisoma mbele na nyuma.

"Hiki chaonyesha kwamba amekufa. Hakionyeshi kwamba alizaliwa."

Mzee Chonga alifikiri, kisha akasema kwamba kipande chake kipo. Kipande ndiyo ile karatasi ambayo wakoloni waliwalazimisha wanaume kuivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, ili ijulikane kila mmoja aendako na nani kamruhusu. Mwaka wa uhuru mzee alikifukia ukutani Kibokoni na kupiga lipu juu yake. Jioni ile alipenyeza mkono ukutani hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akakitoa. Lipu haikupata hata ufa, na Bi Mwanakombo alishukuru, maana ukuta ulikuwa umepakwa rangi mwezi uliotangulia.

Jumatano alikiweka kwenye kaunta.

"Hiki nilivishwa nisitoke bila ruhusa," alisema. "Leo nakileta ili mjukuu wangu atoke. Haya, kishike."

Bi Awiti alikishika kwa vidole viwili. "Kina jina na alama za vidole. Hakina tarehe ya kuzaliwa. Bila tarehe siwezi."

"Tarehe sina. Nilizaliwa Likoni, mwaka wa njaa kuu, miezi michache kabla ya reli kufika Nairobi. Mwezi mpevu, alfajiri, bamvua kubwa kuliko zote za mwaka ule. Maji yaliingia hadi kisimani kwetu."

Mejumaa aliruka tena, maana bamvua huhesabika. Alivuta mkobani daftari la kazi yake ya heshima, akaomba kuazimwa rula, akaanza kurudisha miezi nyuma juu ya mgongo wa fomu. Trizah, aliyekuja kuwapa moyo, alimsomea tarakimu. Mama mmoja wa nambari ishirini alishika tasbihi na kuhesabu pamoja nao.

"Jumanne," Mejumaa alisema mwishoni, jasho likimtoka. "Tarehe ishirini na tisa, Machi, 1899."

Bi Awiti alichukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari. Naye aliwahi kusoma hisabati, ujanani. "Umeipa Februari ya 1900 siku ishirini na tisa," alisema. "Haikuwa nazo."

Mejumaa alijipiga kipaji cha uso. "Basi ni ishirini na nane Machi!"

"Ishirini na nane," alikubali Bi Awiti, akapigia mstari. Foleni ilipasuka vigelegele, na Mzee Chonga, aliyekwisha kupata siku ya kuzaliwa akiwa na miaka tisini na saba, kumi na mitano ya hiyo kaburini, alilia waziwazi.

Alhamisi pasipoti zilitoka. Ya Trizah ilikuwa ya miaka kumi. Ya Mejumaa iligongwa mhuri wa safari moja, lakini nani angelalamika siku kama ile? Ijumaa saa tatu faksi ilikwenda, na jioni wakaenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Babu alinusa wa kwake hadi ukapoa, kisha akaaga.

Mejumaa alisoma Uswidi mwaka mzima. Alirudi akamaliza chuo, na siku ya mahafali jina lake lilisomwa la kwanza, daraja la kwanza la heshima. Wenyeji wake wa Uswidi wakamwita tena, safari hii kwa shahada ya pili. Alipanda ngazi za afisi ya pasipoti mbili mbili.

Bi Awiti alisimama kumpa mkono. "Hongera, mwanangu," alisema, na alimaanisha. Kisha akaelekeza rula ukutani. Orodha ilikuwa imeongezwa karatasi ya pili, na chini yake palibandikwa tangazo jipya: MABABU HUHUDUMIWA JUMANNE NA ALHAMISI TU. WAJE NA VIPANDE.

"Lakini alikuja, bibi. Tarehe mwaijua. Faili lipo."

"Faili ni la safari ile."

Mejumaa alifungua kinywa kujibu, akasikia mtu akikohoa nyuma yake. Kwenye benchi la dirishani walikaa wazee tisa, kila mmoja ndani ya kanzu ya mwanawe, kikopo cha bati shingoni.

"Mke wangu," alisema Mzee Chonga, akisogea kumpisha. "Nimewahi leo. Mimi ni wa tatu."